Mto Tuliotaka Kuuita Obonyo

Kambi ya Juu, Kongo
4 Agosti 2024

Mama Sandra mpendwa,

Mimi ni Kalunde, niliyekuwa nikifanya kazi ya kupima mito pamoja na mume wako, Obonyo. Tulionana mara moja tu, siku mliyomsindikiza uwanja wa ndege na Sandra akakataa kushuka mgongoni mwa babake. Ningekuandikia mapema, lakini mkono wangu wa kulia ulivunjika siku ile ile mtumbwi wetu ulipopinduka, na plasta imetolewa juzi. Ndiyo sababu pia sikuja Siaya kumzika. Nilikuwa nimelazwa hospitali ya misheni, na kutoka kitandani niliisikia ndege iliyombeba ikiondoka. Pole sana. Najua pole umeshapewa nyingi, yangu imechelewa.

Huku hakuna mtandao. Simu ya setilaiti ni ya dharura peke yake, kwa hivyo tunaandika barua kama wazazi wetu walivyofanya, na ndege ya misheni inayoleta unga na chumvi ndiyo inayozibeba.

Nataka nikuambie juu ya mto wenyewe, kwa sababu Obonyo aliupenda. Katika ramani za zamani sehemu yake ya juu ni nukta nukta za bluu, kama mchoraji alishikwa na usingizi akiwa kazini. Huko chini kabisa, unapoingia katika mto mkubwa, umepewa jina la nahodha mmoja mgeni aliyepita mdomoni mwake na hakuingia hata hatua moja. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi, kwa ajili ya majani ya msitu, lakini ukiyachota mkononi ni safi hata unaona mistari ya kiganja. Kuna mahali ni mpana hivi kwamba mtu wa ng'ambo humwoni, unaona moshi wa moto wake tu. Obonyo alikuwa akishusha kamba ya kupimia kina na kuuambia, "Haya mzee, tuonyeshe tumbo." Wapiga makasia walicheka kila siku kama ni mara ya kwanza.

Sasa nije kwa lile lililonifanya nishike kalamu. Dakta Gakuru, kiongozi wa msafara wetu, alituita sote baada ya msiba, na tukakubaliana bila mtu hata mmoja kupinga: katika ramani mpya, huu utakuwa Mto Obonyo. Ramani itachapishwa mwanzoni mwa mwaka ujao. Kinachobaki ni ruhusa ya familia, na familia ni wewe.

Nakungoja.

Kalunde


Kitengela
1 Septemba 2024

Kalunde,

Barua yako ililetwa dukani na dereva wa ofisi yenu nikiwa namuuzia mzee mmoja wa Isinya dawa ya kupe. Niliisoma nimesimama, mzee wa watu akingoja. Asante kwa ile chai ya rangi. Obonyo aliponipigia simu ile siku moja aliyopata mtandao, aliniambia tu kwamba mto ni mkubwa.

Nimewapelekea wazee habari, wa pande zote mbili. Baba mkwe kule Siaya alifurahi mpaka akalia kwa simu. Jumapili hiyo hiyo alisimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe atakuwa mto, na waumini walipiga makofi. Kwao jina la mtu likikosa wa kulibeba ni kama amekufa mara mbili.

Kisha nikaenda Kajiado kwa mamangu, Yeyo kama tunavyowaita mama zetu. Yeyo ni mtu wa kanisa kuliko mimi, lakini tangu tumzike Obonyo hajalitamka jina lake. Anasema "baba ya Sandra". Wamaasai wa zamani jina la aliyekufa hawalitaji, wanaliacha lipumzike, na yeye alilelewa hivyo. Nilipomaliza kumweleza akaniuliza, "Hayo maji yakiitwa hivyo, hao watu si watakuwa wanamwita kila siku? Atalala saa ngapi?"

Kwa hivyo nyumba moja inataka aitwe na dunia nzima, nyumba nyingine haitaki aitwe kabisa, na mimi niko katikati. Lakini si hilo linalonizuia kujibu.

Ripoti ya ofisi yenu imesema Obonyo hakuwa amevaa jaketi la kuokolea. Nimeisoma hiyo sentensi nikitafuta kosa la uchapishaji. Mtu huyu alikuwa akimfunga Sandra mkanda wa gari hata gari likiwa limezimwa hapo langoni. Pasi alikuwa akiichomoa kwa ukuta, halafu anarudi kuangalia kama kweli ameichomoa. Iweje aingie mto kama huo bila jaketi? Usiku nagombana naye kichwani, Kalunde. Ninamwambia, ulikuwa na mtoto, ulikuwa na mimi, jaketi lilikuwa na uzito gani?

Wewe ulikuwa kwa mtumbwi. Niambie kwa nini hakuwa amelivaa. Nisipojua, sitaweka jina lake mahali popote.

Priscilla


Kambi ya Juu
22 Septemba 2024

Mama Sandra mpendwa,

Nimepata barua yako na nimeisoma mara nyingi. Kuhusu jaketi, mambo yalitokea kwa haraka, na mengi siwezi kuyapanga vizuri. Naomba unisamehe kwa hilo.

Lakini niko na habari kubwa juu ya jina. Wiki mbili hizi nimepanda na mto mpaka chanzo chake, nikiongozwa na Mama Feza, mwenye mtumbwi. Ni mwanamke wa makamo, mwembamba, anayepiga kasia kama mtu anayekoroga ugali. Kiswahili chake ni cha huku. Watu anawaita "batu", na mwanzoni tulikuwa tukichekana sana. Sasa namwelewa, na nilichoelewa kimenishangaza.

Huu mto uko na majina tayari. Unapoanzia hakuna chemchemi, ni kinamasi wanachopita ndovu, na maji yanajaa kwanza kwenye alama za miguu yao kabla ya kuanza kutembea. Watu wa hapo wanauita, kwa lugha yao, Nyayo Zilizojaa. Ukishuka unafika kwenye mawe, ambako kelele ya maji ni kubwa hata mwenzako akipiga yowe kando yako husikii, na hapo mto unaitwa Sema kwa Mkono. Baada ya mawe unatulia, unatanuka, samaki wanapanda juu kupumua, na jina lake ni Umekaa. Mtoto akitumwa maji, anaambiwa jina, na kwa hilo jina anajua aende vipi na aogope nini. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Niliandika kila jina mahali pake nikiwa na furaha ya mtu aliyealikwa ndani ya nyumba.

Nilimwuliza Mama Feza, mto wote kwa pamoja unaitwaje? Alinitazama akacheka. "Nani ameuona wote mara moja?"

Nilimpelekea Dakta Gakuru majina hayo. Anasema ni mazuri lakini ni majina ya sehemu, na ramani inataka mto uwe na jina moja kutoka chanzo mpaka mdomo. Anampenda Obonyo kwa kweli, usimwone vibaya. Ameshaagiza jina liandikwe, anangoja neno lako tu. Mimi mwenyewe sijui tena nisimame wapi. Natamani Obonyo angekuwepo, tubishane naye.

Msalimie Sandra.

Kalunde


Kitengela
13 Oktoba 2024

Kalunde,

Nilikuuliza swali moja ukanijibu kurasa tatu za maji.

Sikatai, majina ni mazuri. Nilimsomea Sandra, na sasa kila tukimaliza kuoga nyayo zake zikibaki sakafuni anasema nyayo zimejaa. Lakini juzi mwalimu wake aliniita shuleni. Aliwaambia watoto wachore wazazi wao wakiwa kazini. Sandra alimchora babake kwa mtumbwi, amevaa jaketi la rangi ya chungwa, kubwa mpaka miguu haionekani. Mwalimu aliona ni picha nzuri, alitaka tu nijue. Mimi nilienda kukaa kwenye choo cha walimu mpaka nikaweza kutoka.

Siku moja ataisoma ile ripoti. Nitamwambia nini? Kwamba babake, mtu mwangalifu kuliko wote niliowahi kukutana nao, alikufa kwa uzembe? Na mto wa uzembe wake ndio huu, umeandikwa kwa herufi kubwa?

Kama kuna kitu unanificha kwa kunihurumia, acha. Mimi ni mtoto wa wafugaji, na nimezika mume. Kama alikuwa amelewa, sema. Kama mlikuwa na jambo lenu, pia sema. Nimefika mahali ninaweza kusikia chochote isipokuwa huu ukimya wako wenye salamu.

Dakta Gakuru mwambie angoje.

Priscilla


Kambi ya Juu
10 Novemba 2024

Priscilla,

Hakuwa amelewa. Hatukuwa na jambo lolote. Nitakueleza yote, na ukimaliza usiponiandikia tena nitaelewa.

Tulikuwa watu watatu. Mimi mbele, Obonyo katikati na vifaa vyake, Mama Feza nyuma na kasia. Obonyo alikuwa amevaa jaketi na kulifunga mpaka shingoni; asubuhi hiyo aliukagua hata mkanda wa la kwangu. Mama Feza hakuvaa, hajawahi kuvaa maisha yake yote, na Obonyo alikuwa akimgombeza kila siku. Tulikuwa tumetoka kwenye mawe, pale mto unapokunja kona kabla ya kutulia. Gogo lililokuwa chini ya maji likatugeuza.

Mimi niligonga jiwe na mkono ukavunjika hapo hapo. Obonyo ndiye aliyenishika kwa jaketi akanivuta mpaka ukingoni. Alitoka majini, Priscilla. Alisimama nchi kavu kando yangu akikohoa, akaniuliza kama naweza kusogeza vidole. Alikuwa mzima.

Ndipo tukamwona Mama Feza. Alikuwa amekwama katikati, ameshika tawi la mti uliokuwa umeangukia mtoni, nguo yake imenaswa kwenye matawi, maji yakimpita juu ya kichwa. Obonyo aliangalia maji kama anavyoangalia kila mara, akihesabu kitu kichwani. Akavua jaketi lake, kwa sababu la kwangu lilikuwa limepasuliwa na lile jiwe. Akanifunga kiunoni ncha moja ya ile kamba yake ya kupimia kina na kuizungusha kwenye mti nyuma yangu, nyingine akaishika pamoja na jaketi. Akasema, "Kalunde, usiiache. Narudi."

Alifika. Nilimwona akimvalisha jaketi yule mama na kumfunga kamba, polepole, kama anamtayarisha mtoto kwenda shule. Alikata ile nguo iliyonaswa, akamsukuma. Watu wa kijiji walikuwa wamesikia, wakaja mbio, tukamvuta pamoja. Tulipomtoa tukageuka kutazama, tawi halikuwepo.

Walimtafuta bila kupumzika, kijiji kizima, mpaka walipompata. Wanaume walimbeba kwa zamu hadi misheni na hawakukubali msafara uwasaidie.

Ripoti iliandikwa nikiwa na homa. Aliyeiandika alijua tu kwamba Obonyo alipatikana bila jaketi. Nilipopona ningeweza kusahihisha, na nilinyamaza. Nilidhani mke akiambiwa ajali, ataivumilia. Lakini akiambiwa mume wake alikuwa amesimama nchi kavu, salama, akawakumbuka wote wawili, wewe na Sandra, na bado akaingia tena kwa ajili ya mtu asiyemjua hata ukoo, niliogopa utamchukia. Na niliogopa utauliza mimi nilifanya nini. Nilishika kamba. Ni hilo tu.

Kila siku nafikiria lile neno lake. Narudi. Sijui kama alimaanisha anarudi majini au atarudi kwangu. Nimelisema kwa sauti mara nyingi, na kila mara linasikika yote mawili.

Kuna jambo la mwisho. Watu wa Mama Feza wameshaipa ile kona jina. Hakuna aliyewaomba, na hawakungoja ramani. Kwa lugha yao maana yake ni Pa Aliyerudi. Wavuvi wakifika hapo huinua makasia juu na kuacha mtumbwi upite wenyewe, kisha wanaendelea na mazungumzo yao.

Kalunde


Kitengela
8 Desemba 2024

Kalunde,

Nilifunga duka mchana, jambo ambalo sijafanya tangu matanga.

Nililia, ndiyo. Halafu nikapika chapati, sijui kwa nini, nyingi kuliko watu wa nyumba hii. Wakati wa kula nikamweleza Sandra kila kitu, kwa maneno yako. Aliniuliza jambo moja tu: "Huyo mama alipona?" Nikamwambia alipona. Akasema, "Sawa," akaendelea kula. Nilimtazama nikamwona babake mzima mzima, mwenye kuuliza kwanza kama kazi imekamilika.

Umeandika "ni hilo tu" juu ya kamba. Usiandike hivyo tena. Ukiwa na mkono umevunjika ulishika kamba mpaka mtu akatoka. Kama ungeiachilia, Obonyo angekuwa amekufa bure, na hapo ndipo ningekosa la kumwambia mtoto.

Barua yako niliipeleka Kajiado, nikamsomea Yeyo kwa Kimaasai, nikisimama pale maneno yanapokosekana. Nilipofika kwenye jina la ile kona alinisimamisha, akataka nilirudie. "Hilo naweza kulitamka," akasema. Akalitamka, mara mbili, kwa lugha yetu. Halafu akaenda kukamua.

Siaya ilikuwa ngumu zaidi. Mzee aliumia, sitakudanganya. Alisema ameshawaambia watu, na mto ni kitu kikubwa, na kona ni kitu kidogo. Nikamwacha. Asubuhi nilimkuta kaburini ameketi kwa kiti cha plastiki. Shemeji yangu alijifungua mvulana mwezi wa kumi, na wamempa jina la Obonyo. Mzee alikuwa naye magotini. Akaniambia bila kunitazama, "Jina limeshapata mtu. Mto waachiwe wenyewe." Kisha akaongeza kwamba hiyo ramani ikitoka anataka kubwa ya kuweka ukutani, na iwe na kona inayoonekana bila miwani.

Kwa hivyo jibu langu ni hili, na umsomee Dakta Gakuru kama lilivyo. Familia inashukuru kwa heshima. Hatutaki Mto Obonyo. Tunataka yale majina yote yaandikwe, kila moja mahali pake, kama wenyewe wanavyoyaita, na pale penye kona paandikwe Pa Aliyerudi, kwa lugha yao kwanza, ya kwetu baadaye. Akisema ramani haina nafasi, mwambie msitu ni mkubwa, aandike juu ya msitu.

Na ile ripoti muirekebishe.

Mimi nilikuwa na hasira na mtu mzembe ambaye hakuwahi kuwepo. Huyu aliyekuwepo namjua. Nimelala naye miaka kumi, na hivyo ndivyo angefanya, na angenikuta nimenuna, na angeniuliza, "Ungetaka nimwache?" Nami ningesema hapana, lakini si mara moja.

Nataka kumwona Mama Feza. Niambie inachukua nini kufika huko.

Priscilla


Kijijini kwa Mama Feza, Kongo
19 Julai 2025

Kalunde dada yangu,

Sasa wewe uko Kitengela unalinda duka langu na mimi niko huku naandika. Usiwauzie watu dawa ya minyoo bila kuwauliza uzito wa mbuzi. Na kama Yeyo amekuja kutoka Kajiado kukuangalia, mpe chai na umwache aseme.

Tumefika salama. Sandra alitapika kwa ndege ndogo halafu akaomba irudie. Mama Feza alikuwa akitungojea kwenye kiwanja cha nyasi. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Tulipoonana hatukuyatumia. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akamshika Sandra, akatazama uso wake kwa muda, akasema, "Macho ni yake." Jaketi bado yuko nalo. Halining'inizi nyumbani kama kumbukumbu, analivaa. Wanawe pia wanavaa, na wavuvi wengine wameagiza.

Jana walitupeleka kwenye kona. Nilifikiri nitaogopa. Kalunde, ni pazuri. Maji yanatoka kwenye ile kelele yakiwa meupe, yanageuka, na ghafla yananyamaza, meusi, na miti imeinama pande zote mbili. Makasia yakapanda juu. Hakuna aliyeimba wala kuomba. Mtumbwi ulipita wenyewe, Sandra mkono wake ukiwa ndani ya maji, na nikasikia mpiga kasia wa mbele akilitamka lile jina kwa sauti ya kawaida, kama unavyomsalimia jirani. Kisha wakaanza tena habari za bei ya samaki. Niliona nimepumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nimewaonyesha ramani mpya, ile ambayo Dakta Gakuru alikubali mwishowe kuandika majina yao yote. Hawajui kusoma wote, lakini waliyagusa majina moja moja kwa kidole wakifuata mto, na walipofika kwa jina la yule nahodha waliuliza huyo ni nani.

Leo tulikuwa tunamenya mihogo na wanawake. Mama Feza akaniuliza kama kwetu pia kuna mto. Nikamwambia mji niliozaliwa, Kajiado, ulichukua jina la mto, Olkejuado, maana yake mto mrefu. Walifurahi, wakataka kujua una samaki gani. Ikabidi niwaambie ukweli, kwamba sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga, na tunachimba tukitafuta maji ya ng'ombe, na watoto wanapita hapo wakienda shule na viatu vyao havilowi. Nilidhani watacheka. Waliweka visu chini. Mama Feza akauliza, "Hata ukiwa mukavu, munauita murefu?" Nikasema ndiyo, hata ukiwa mkavu, hakuna mwaka tumeuita vingine. Aliwageukia wenzake akawatafsiria, na wote wakatoa sauti ile ya mshangao, wakanitazama mimi na Sandra kama watu waliotoka mahali pakubwa.

Anasema watu wa namna hiyo lazima awaone kwa macho yake. Nimemkaribisha Desemba. Aliniuliza aje na nini, nikamwambia aje mikono mitupu. Lakini Sandra ameshampa kazi nyuma yangu: abebe chupa moja ya maji ya huku, tuyamwage kwa mchanga wa Olkejuado, tuone yataelekea wapi.

Dada yako,
Priscilla